Gemu ya Mkono Mmoja

Yeremia alitia mkono wa kushoto mfukoni, akaishika padi ya gemu kwa mkono wa kulia peke yake.

Hili lilikuwa duka la nne tangu asubuhi, na miguu ilikuwa imechoka. Kidole gumba kilifika kwenye vitufe vya kulia tu. Alipokipeleka upande wa pili, padi ilimponyoka ikaanguka juu ya kaunta.

"Ukivunja umenunua, kaka," alisema muuzaji, mama wa makamo, bila ukali. "Hiyo ni ya mikono miwili."

"Samahani, mama. Nina laki tatu tu. Naomba nijaribu ile kompyuta ya mtumba."

Akaketi. Kibodi haikuhitaji kushikwa. Alitandaza vidole vitano juu ya herufi, na mchezaji mdogo kwenye kioo akakimbia, akageuka, akapiga mpira nje. Yeremia alirudia, na kurudia tena, mkono wa kushoto ukiwa bado mfukoni, mpaka kiganja cha kulia kikaanza kuuma.

"Huo mkono una nini?" mama akauliza.

"Wangu ni mzima. Wa mdogo wangu ndio ulikatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, kwetu Usagara. Kwenye gemu, mtaa mzima hakuna aliyekuwa anamfunga."

"Pole sana. Aliiwasha mwenyewe?"

Yeremia aliendelea kuutazama mpira uliosimama kwenye kioo.

"Niliiwasha mimi," alisema. "Nifungie hii."