Mlio wa Kushoto Nyuma

Gari liliporudi uani, fundi alitoka ndani ya buti la nyuma akitambaa, shati limelowa jasho, akatikisa kichwa.

"Kimya," alisema. "Nimelala humo mzunguko mzima. Kwenye matuta, kwenye changarawe, wapi! Halijagonga hata mara moja."

Dada wa mapokezi akashusha pumzi. Kumpasha habari mwenye gari ilikuwa kazi yake. Habari njema zilitolewa na wakubwa huko ghorofani. Mbaya zote aliachiwa yeye.

Mwenye gari alikuwa amekaa na mkewe kwenye kochi la wateja. Karakana nzima ilimwita Mzee Ngo-ngo-ngo, si kwa ubaya, ila ndivyo alivyoueleza mlio siku ya kwanza: ngo-ngo-ngo, kushoto, nyuma. Maisha yake yote aliendesha magari ya watu. Alipostaafu akachukua kiinua mgongo, akanunua la kwake hapa hapa, jipya kabisa, na kabla harufu ya upya haijaisha akasema linagonga. Wakabadilisha springi. Wakakaza ekzosi. Wakang'oa viti vya nyuma, wakaambulia pipi moja. Kila mara liliondoka wakisema limepona, na kila mara lilirudi.

"Mzee wangu," dada alianza, "mafundi wanasema..."

"Hawajausikia!" Mkewe alishasimama, mkoba kwapani. "Masikio yenu yana nini nyinyi? Mume wangu anausikia. Mimi nausikia. Siku ya kununua mlituchekea, na chai mkatupatia. Leo tumekuwa vichaa?"

"Hapana, mama, si hivyo..."

"Ni hivyo hivyo! Mlituuzia gari au ngoma?"

Fundi akageukia ukuta kuficha kicheko. Mzee alimtazama tu mkewe akifoka, ametabasamu, katulia kama mtu anayesikiliza mpira redioni na timu yake inaongoza. Dada akaona mkanda wa suruali yake umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Alikuwa amekonda, masikini. Hili gari linamla, alijisemea, na roho ikamuuma, maana asubuhi ile bosi alikuwa ameshakata shauri: gari hilo lisipokelewe tena. Wakitaka, waende popote.

Mzee akainuka kwenda msalani, akipapasa ukuta. Dada akajikaza, akamwambia mama maneno ya bosi. Alijiandaa kwa matusi. Mama akaishika meza ya mapokezi kwa mikono miwili, na ukali wote ukamwisha.

"Usimwambie hivyo, mwanangu. Nakuomba. Huo mlio haumo garini."

"Umo wapi, mama?"

Mama akajigusa nyuma ya sikio, upande wa kushoto.

"Daktari aliniita pembeni peke yangu. Amesema ana uvimbe kichwani, hakuna cha kupasua wala cha kutibu, tumpe raha tu. Mzee hajui, na mimi sitamwambia. Sijawahi kuusikia mlio wowote, hata siku moja. Lakini watoto wameanza kumcheka, eti baba anasikia vitu, na yeye anajiona mwongo. Mwambie mmeupata. Tafuteni chochote, mwonyesheni. Aende zake akijua alikuwa anasema kweli."

Dada akampa pole. Akageuka haraka kabla machozi hayajaonekana, akaelekea karakana.

Ilikuwa desturi yao pale: kifaa kibovu kikitolewa, anakabidhiwa mwenye gari mkononi, ashuhudie mwenyewe. Bila hicho kifaa hakuna ambaye angeamini. Fundi aliposimuliwa hakuuliza la pili. Aliinamia pipa la vyuma chakavu, akachakura, akaibuka na bushi ya springi iliyoliwa upande mmoja. Akaifuta kwa tambara muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mzee, tumeupata!" dada alisema mzee alipotoka msalani, akimkabidhi kifaa. "Ni hii bushi. Tusamehe sana. Ulikuwa unasema kweli tangu mwanzo."

"Si nilisema!" Mama akapiga makofi. "Si nilisema mimi! Watu wazima wazima, na vifaa vyote hivyo, mnashindwa na kibushi!" Akamwangalia dada kidogo, macho yamemjaa shukrani, kisha akatangulia nje kumfungulia mumewe mlango, akiwasema mafundi njia nzima mpaka waliokuwa chini ya magari wakachungulia.

Mzee alibaki mezani. Aliigeuza bushi kiganjani, akaipima kwa kidole gumba.

"Hii ni ya lori, binti," alisema taratibu.

Dada akainua macho, akamwangalia.

"Usijali. Daktari aliniambia mimi kwanza. Mimi ndiye niliyemwomba amwambie mama; mwenyewe nilishindwa." Akaitia bushi mfukoni, akamtazama mkewe kupitia kioo, pale alipokuwa bado anawanyooshea mafundi kidole. "Nyumbani anashinda jikoni analia, anadhani simsikii. Akija hapa kugombana na nyinyi ndipo ninapomwona mke wangu yule wa siku zote. Sasa mmelitengeneza. Nitampeleka wapi?"