Joto la Plasta

Mama alianza kuvuta mkono wake uliovunjika, plasta ikiwa bado laini.

"Unaniunguza, wewe!"

Nikamshika kiwiko. Mfupa nilikuwa nimeshaulaza sawa, kama ninavyowafanyia wagonjwa wangu wote. Angejitikisa ungeachana tena, na kwa umri wake huenda usingeunga. Ee Mungu, mtulize, niliomba kimoyomoyo.

"Ni maji, Mama. Yanaingia ndani ya unga wa jasi na kuwa jiwe pamoja nao. Yakiingia, joto linatoka. Litapoa sasa hivi."

"Nani kakwambia?"

"Mwalimu wa jioni."

"Yule mtoto?" Alisonya. Tangu nianze masomo ya jioni ananiita mwanafunzi mwenye mvi. "Haya, nionyeshe."

Kwa kidole kilicholowa plasta nikaandika mlinganyo juu ya meza, nikimsomea polepole. Kushoto, unga na molekuli tatu za maji. Kulia, jiwe lenye molekuli nne za maji. Ile michirizi myeupe ilianza kukauka palepale.

Mama aliinama kuihesabu.

"Huku tatu, kule nne. Hiyo moja umeitoa wapi?"

"Ilikuwemo kwenye unga tangu mwanzo. Unaonekana mkavu, Mama, lakini ndani umebaki na maji yake kidogo."

Machozi yalimshuka mpaka kidevuni, ya kwanza tangu tumzike baba.

Mkono haukutikisika.