Ni Yule Tu

Siku hizi haingii mtu msituni mpaka kima wenyewe waridhie. Unasimama ukingoni na kifaa cha tafsiri sikioni; wanakuona, wanalia, nacho kinakupa jibu lao kwa Kiswahili.

Kwa miezi saba ya utafiti wangu jibu nililopewa lilikuwa lile lile: "Mtu! Mtu! Kimbieni!" Na mkojo juu yake. Siafu wameniuma hadi pasipotajika, na nusura tawi linipasue kichwa. Nikirudi, mume wangu Mcha hunipokea kwa kicheko: "Bibie, leo wamekuogesha tena?"

Jana asubuhi jike mmoja mzee aliinama tawini, akanitazama, akasema, "Aa, ni yule tu."

Ni yule tu! Nilijiziba mdomo kwa mtandio nisije nikapiga vigelegele. Nikaingia. Nilikaa chini yao saa nne nzima, nikiwaangalia wakipokezana kichanga, kila shangazi akidai zamu yake. Nikanong'onea kinasa sauti changu: "Wanakula. Tusiwashtue."

Nilirudi nyumbani nikiimba. Mcha alikuwa amepika wali wa nazi na samaki, tukala uani mkekani, mimi nikisimulia, yeye akicheka. Mara mpera wetu ukatikisika. Kima sita, wametulia, macho yote kwetu.

Mcha akanyakua ufagio. Kifaa kilikuwa bado sikioni mwangu. Yule jike mzee alikuwa akiwanong'oneza wenzake:

"Wanakula. Tusiwashtue."

"Wanasemaje?" Mcha akauliza.

"Wanatusalimu tu," nikamwambia. "Kaa, mume wangu. Endelea kula."