Jina la Ukosini

Mzungu mmoja mgeni alimshika mkono fundi aliyekuwa akichonga jina kwenye kaburi la mume wa Bi Nyamvula.

"Thornby ni ukoo wetu," akasema. "Jina lilitoka kijiji cha miiba, Uingereza, zamani za mababu. Lifuteni."

Bi Nyamvula akakunjua koti kuukuu. Ndani ya ukosi lilikuwa limeshonwa jina lile lile.

"Baba mkwe wangu alimfulia babu yako nguo hapa hapa miaka ishirini, asiulizwe jina. Akaachiwa koti hili. Siku ya kuandikishwa watu, alilivaa; karani akasoma ukosi, akamwandika Thornby. Koti lenu hili, mwanangu, chukua. Jina tumezaa nalo, tumezika nalo, halitoki. Fundi Kombo, chonga!"

Nyundo ikalia. Mgeni akasimama na koti mikononi, vumbi la jiwe likitua ukosini.