Mngurumo Chini ya Viti

Spana ya magurudumu ilimshukia fundi begani kabla hajamaliza kujivuta kutoka chini ya gari. Alikiuma kitambaa alichokuwa akifutia grisi.

"Uliniambia limepona," shemeji yake alisema. "Nimelitoa hapa, sijafika hata mbali, likaanza kutetemeka kama lina homa. Na huo mngurumo wake. Watu wanageuka kunitazama."

"Nililijaribu, shemeji."

"Ulilijaribu ukiwa umelala?" Teke likafuata, la mbavuni.

Fundi aliinuka taratibu akishikilia bampa. Tangu alipobadilisha propela, ule mti wa chuma unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, gari hilo halikukauka gereji. Alikuwa amekwisha kukagua tairi, beringi na raba za injini. Kila liliporudishwa alipigwa, na kila alipopigwa aliomba nafasi nyingine. Mafundi wenzake, ng'ambo ya ua, walijifanya viziwi. Shemeji huyo alikuwa mwepesi wa mkono, na hakuna aliyetaka kuwa wa pili.

"Ingia. Lisikie mwenyewe."

Wakashika barabara. Mwendo ulipozidi, usukani ulianza kucheza, ikafuata sakafu, kisha mngurumo ukapanda kutoka chini ya viti, mzito, wa kutia meno ganzi.

"Toa gia," fundi alisema. Gari likaserereka bila gia, na mngurumo ukabaki uleule. "Si injini. Ni propela."

"Wiki jana pia ilikuwa propela."

"Bado ni propela."

Kiwiko kikampasua mdomo.

Waliporudi, fundi alilipandisha gari juu ya jeki, akaingia chini yake. Kabla ya kulegeza bolti yoyote alichora mstari wa chaki kwenye propela na mwingine kwenye difu, sanduku la gia la magurudumu ya nyuma, ili vyuma hivyo viwili virudi kama vilivyokuwa, ndivyo alivyofundishwa. Aliishusha propela, akaifuta, akaipandisha. Mistari haikukutana. Akakaza bolti.

Shemeji yake alikuwa ameketi juu ya debe, spana magotini.

"Nachoka kazini, nafika nyumbani, nyumba tupu. Chai ya moto iko mezani, dada yako hayupo, watoto hawapo. Ati wako kwa jirani. Kila siku kwa jirani. Siku nitakayomkuta ndani, atanieleza vizuri huyo jirani ana nini."

Mwanga wa tochi ulicheza chini ya gari, kisha ukatulia.

"Na likinguruma tena nalipeleka kwa mtu anayejua kazi."

"Huyo atakutoza, shemeji. Mimi nakutengenezea bure."

"Bure yenyewe ndiyo hii?"

Alilitoa, akazunguka mtaa mmoja, akarudi. Mngurumo ulimtangulia kuingia uani. Aliukamata mkono wa kulia wa fundi, akauweka kwenye fremu ya mlango wa gari, akaufunga mlango kwa nguvu zake zote.

"Kesho utalifungua tena," alisema, fundi akiwa amepiga magoti. "Kwa mkono huohuo."

"Kesho, shemeji."

Gari likaondoka likinguruma hadi kona ikalimeza. Fundi aliketi sakafuni, akatema damu pembeni, akavitazama vidole vyake vikivimba. Baadaye simu ililia, akaipokea kwa mkono wa kushoto. Alikuwa dada yake, akinong'ona.

"Nimelisikia tangu likiwa darajani, kaka, watoto nikawavusha kwa jirani. Lakini leo tumeponea chupuchupu. Upepo ulikuwa mkali, nikachelewa kulisikia."

"Basi kesho," fundi akamwambia, "nitaliongezea sauti."