Warefu Kwanza

Kamati ya Ligi ya Vijana ilitangaza, kwa karatasi iliyopigiliwa misumari kwenye mlango wa duka la ushirika la Nshamba, kwamba mchezaji yeyote anayeacha timu katikati ya msimu atarudisha soksi zake zikiwa zimefuliwa. Tangazo halikusema lolote kuhusu sababu za kuacha.

Mwalimu Aristides, kocha wa vijana wa Nshamba, alilisoma mara mbili. Kati ya wachezaji wake kumi na wanne alikuwa amebakiwa na wanane. Wakipungua chini ya saba, timu ingefutwa, na miaka yake mitatu ya kuijenga ingefutwa pamoja nayo.

Kilichomsumbua zaidi ni utaratibu wa kutoweka kwao. Alianza Apolinary, golikipa, ambaye darasani alikuwa akiingia kwa kuinama. Wakafuata mabeki wawili wa kati, kisha mshambuliaji, kisha wawili waliowazidi kimo wenzao waliosalia. Hakuna aliyeaga. Soksi zilikutwa dirishani mwa ofisi, safi, zimekunjwa vizuri.

“Ugonjwa hauchagui kwa rula,” Aristides alimwambia winga wake Kashaija, mfupi kuliko wote. “Huyu ni mtu.”

“Mama ananiambia nimshukuru Mungu kwa kimo hiki,” alisema Kashaija. Hakuwa akitania.

Jumamosi walicheza Miembeni, mjini Bukoba, wakafungwa mabao matano. Mchezo ulipokwisha, Aristides alimfuata Gamaliel, katibu wa timu ya mjini, ambaye kwa muda mrefu alimshuku kuwa mwizi wa wachezaji.

“Warefu wangu umewaficha wapi?”

“Warefu?” Gamaliel aliwaonyesha vijana wake kwa kidevu. “Watazame wangu, ndugu yangu. Labda tuiombe kamati ishushe magoli.”

Aristides hakuwatazama. Alikuwa amesikia kejeli, na kwake kejeli ilitosha kuwa ushahidi.

Lori lililowaleta lilikuwa limechukuliwa kwa kazi ambayo hata dereva hakuambiwa. Walirudi kesho yake, juu ya magunia ya kahawa.

Jumatatu alikwenda kwa Joviana, mama yake Apolinary, mjane mwenye mtoto huyo mmoja. Alimkuta akimenya ndizi, nyingi kupita mahitaji ya mlaji mmoja. Joviana alipiga magoti kumsalimu, kisha akakirudia kisu chake.

“Karibu, waitu,” alisema, kwa heshima ya Kihaya.

“Apolinary yuko wapi?”

“Kwa mjomba wake, Kagondo.”

Kagondo iko Bukoba, na Bukoba ndiko aliko Gamaliel. Aristides hakuhitaji zaidi ya hapo.

“Mama Apolinary, sikiliza. Nitaiandikia kamati kwamba kijana wako na wenzake watano wamepita miaka kumi na minane. Hapo hakuna timu ya vijana itakayowagusa.”

Kisu kilisimama.

“Ana kumi na sita, Mwalimu. Si wewe uliyemwandikisha darasa la kwanza?”

“Ndiyo maana wataniamini.”

“Mwandike mwizi,” alisema Joviana. “Mwandike mlevi. Andika kwamba alikutukana mbele ya watu, nami nitasimama kanisani nikubali. Umri wake usiuguse.”

“Basi aje uwanjani Jumamosi, nami sitaandika chochote.”

Joviana alitazama migomba iliyokuwa nyuma ya nyumba.

“Uwanjani watu wanaona,” alisema. “Hawezi.”

Aristides aliondoka akiwa ameridhika. Mtu haogopi hivyo ila pale anapoguswa penyewe. Usiku haukuwa umeingia alipomaliza barua: majina sita, majina ya wazazi, vitongoji, na uthibitisho wa mwalimu aliyewapokea shuleni kwamba wote ni watu wazima. Ulikuwa uongo wa miaka miwili tu kwa kila mmoja. Aligonga muhuri kwa uangalifu, usije ukafunika sahihi.

Kwa siku kumi hakuna mchezaji mwingine aliyeondoka, na Aristides aliona dawa imeingia. Joviana alikuja shuleni mara mbili. Mara ya kwanza alisimama mlangoni na kadi ya ubatizo mkononi. Akaambiwa barua imekwisha kwenda. Mara ya pili aliiacha kadi hiyo mezani, akaenda zake.

Uamuzi wa kamati ulisomwa Nshamba tarehe 10 Novemba 1978. Wachezaji sita, ambao utu uzima wao umethibitishwa na mwalimu wao, wameondolewa katika ligi ya vijana. Majina yao yamekabidhiwa kwa maofisa wanaoandikisha watu wazima kwenda vitani, ambao hadi sasa walikisia umri kwa kimo, nao wamekwisha kuwapata wote sita, majumbani mwa mama zao. Nshamba inaruhusiwa kusajili wachezaji wengine sita kabla ya Jumamosi.