Chekeche la Bi Kidawa

Bi Kidawa hakosi mechi ya watani, na haendi bila chekeche lake la unga. Husimama nyuma ya goli la wapinzani akilitikisa. Siku hiyo kipa wao, Mshangama, alipitishwa mpira katikati ya miguu.

"Redio inamwita Ukuta!" Bi Kidawa akapaza sauti. "Ukuta gani, wa makuti? Hata chekeche hubakiza pumba!"

Watu hawana mbavu. Kipa akamfuata, akacheka naye.

"Mama, niazime."

Akampa. Kipa akalitundika wavuni, katikati kabisa, akarudi kazini.

Mara, penalti. Mpigaji wa timu ya Bi Kidawa akarudi nyuma hatua tano. Mama akalitazama chekeche lake pale katikati, akaukamata wavu kwa mikono miwili.

"Daka, mwanangu," akanong'ona. "Daka."